Siku ya mchezo wa kuigiza biashara kwa wasimamizi 16: inafaa kuliko semina?

Meneja usambazaji, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaongoza idara ya usambazaji katika kampuni ya vinywaji baridi, yenye wasimamizi 16 wa ghala, mauzo na usafirishaji. Kwa miaka kadhaa tumewapeleka kwenye semina za uongozi, ambako mtoa mada huzungumza, washiriki huandika, tunapiga picha ya pamoja, na Jumatatu inayofuata watu wa mauzo na watu wa ghala wanaendelea kulaumiana. Sasa mshauri mmoja amependekeza siku moja ya mchezo wa kuigiza biashara, yaani si tamthilia bali washiriki huendesha biashara ya kubuni na kuona matokeo ya maamuzi yao, naye mkurugenzi wangu anahofia kwamba tutakuwa tunalipia watu wazima wakacheze. Kwa aliyewahi kuushiriki au kuuendesha: mtu hujifunza nini pale ambacho semina haimpi, na ni mambo gani huuharibu?

Mwezeshaji wa mafunzo, Arusha

Mkuu, ugomvi wa mauzo na ghala ndio hasa unaoonekana katika mchezo mmoja wa zamani, uliobuniwa katika chuo cha menejimenti cha Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, takribani mwaka 1960. Unaitwa Mchezo wa Usambazaji wa Bia. Mimi huuendesha kwa kreti za soda, kwa kuheshimu washiriki ambao dini yao hairuhusu pombe.

Watu wanne huketi kwa mstari: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila raundi ni wiki moja. Kila mmoja hutimiza oda aliyoletewa, kisha huandika oda yake kwenye kikaratasi na kukisukuma kifudifudi kwa anayefuata, bila kuruhusiwa kuzungumza. Mzigo huchukua wiki mbili njiani. Kreti inayolala stoo hugharimu nusu dola kwa wiki, na iliyoombwa ikakosekana hugharimu dola 1. Wote huanza na kreti 12, na mteja hununua 4 kila wiki. Wiki ya 5 anapanda hadi 8, na hapo anabaki mpaka mwisho. Hakuna badiliko jingine lolote katika mchezo mzima.

Hata hivyo, mwenye duka akiona stoo inapungua huongeza oda, wa jumla huongeza zaidi kwa hofu, na kiwandani zinafika oda ambazo hazifanani kabisa na alichonunua mteja. Baadaye mizigo yote hufika kwa pamoja na kila mtu huacha kuagiza. Mtafiti John Sterman wa MIT alichapisha mwaka 1989 matokeo ya timu alizozichunguza: gharama zao zilikuwa, kwa wastani, karibu mara kumi ya zile za chini kabisa ambazo zingewezekana.

Mchezo ukiisha, kabla sijafunua chochote, humpa kila mmoja karatasi tupu, isipokuwa wenye maduka, achore jinsi anavyodhani mteja alinunua. Huchora milima na mabonde. Ninapoonyesha karatasi ya mteja, yenye 4 na kisha 8 tu, chumba hunyamaza. Nakumbuka msimamizi mmoja wa ghala aliyeitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwenzake wa mauzo: “Kumbe miaka yote hii nilidhani ninyi ndio mnaoyumbayumba.” Maneno hayo hayawezi kutoka kwenye semina, na hayatoki pia kama mazungumzo ya baada ya mchezo yamebanwa. Nikicheza kwa saa moja na nusu, hutenga muda usiopungua huo kwa mazungumzo.

Mfanyakazi wa bandari kavu, Mombasa

Nakubaliana na ndugu yetu wa Arusha, ila naomba niongeze tahadhari. Mwajiri wangu wa zamani alitupeleka kwenye mchezo wa kompyuta, ambamo timu zinashindana kupanga bei na uzalishaji kwa kila robo ya mwaka. Mkuu wetu wa idara aliketi katika timu yetu, na kila tulipofikia uamuzi sote tulingoja ataje namba yake kwanza. Wiki iliyofuata matokeo yalibandikwa ubaoni, na walioshika mkia waliulizwa habari zake kwenye tathmini ya kazi. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kujaribu jambo asilolijua. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba alama za mchezo hazitaingia katika faili la mtu.

Mkufunzi wa wajasiriamali, Dodoma

Kuhusu hofu ya mkurugenzi: tangu miaka ya 1950 American Management Association, chama cha menejimenti cha Marekani, ilikuwa ikiwaketisha wakurugenzi wa makampuni makubwa kwenye michezo ya aina hii. Shirika la Kazi Duniani nalo linatumia mchezo wa biashara katika mafunzo yake ya kuanzisha na kuimarisha biashara ndogo. Si lazima kukodi programu ya gharama kubwa. Huo mchezo wa kreti mtaucheza kwa vizibo vya soda na karatasi za manila, na 16 wenu ni meza nne kamili.

Meneja usambazaji, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye ratiba ya mshauri, nikakuta ametenga saa tano za mchezo na dakika 20 za majadiliano. Nitamrudishia aipange upya. Mkurugenzi nitamwomba asikae meza moja na watu anaowasimamia, na kabla ya siku hiyo asaini kwamba matokeo yatabaki chumbani.