Naomba ushauri: sauti inaachana na mdomo kwenye mahojiano marefu

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, natengeneza filamu fupi kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo. Picha narekodi kwa simu, sauti kwa rekoda ndogo ya pembeni. Nikizioanisha kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ile ya bure, mwanzoni zinakaa sawa kabisa. Kufika dakika ya 20, mzee keshafumba mdomo ndipo neno linatoka. Inaniuma, maana mahojiano yale hayarudiki, mavuno yameshapita.

Nimegundua simu haishiki kasi moja ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde), inacheza kati ya 29 na 30 kwa sekunde. Nikapitisha klipu moja kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, nikachagua kasi isiyobadilika ya 30, ikanyooka. Shida laptopu yangu ina RAM ya GB 8, hiyo moja tu ilikesha usiku kucha. Zimebaki 14.

Je, nizigeuze zote, au nikatekate sauti na kuisogeza kidogo kidogo?

Na upepo wetu huu wa Dodoma: kuna namna ya kuupunguza kwenye sauti iliyokwisha rekodiwa, bila mzee kusikika kama anaongea ndani ya pipa?