Kiwanja cha Nala: nijenge sasa au nisubiri barabara na maji?

Kutoka: Leicester

Habari zenu ndugu zangu. Nina kiwanja Nala, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kimepimwa na hati ninayo. Dalali ananihimiza nianze ujenzi kwa sababu barabara ya mzunguko inapita huko na Serikali inamwaga hela Dodoma. Mdogo wangu anasema mtaani hakuna bomba, na lori la mchanga linaishia njiani. Nitume hela ya msingi au nitulie?

Kutoka: Oslo

Dada, hongera kwa hati, wengi wamekwama hapo. Kuhusu hela dalali hajadanganya. Tangu manispaa ipandishwe kuwa jiji Aprili 2018, tumeona Mji wa Serikali Mtumba, stendi kuu na soko la Job Ndugai kule Nzuguni, na treni ya umeme kutoka Dar mwaka 2024. Barabara ya mzunguko wa nje nayo ni kilomita 112.3, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Kazi yake ni kuyaondoa malori katikati ya mji, na inaweza kupita karibu kabisa na kwako huku mtaa wenu haujapata hata tripu moja ya kifusi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala mwingine na fungu jingine kabisa. Maji ni DUWASA, umeme TANESCO, shule na zahanati ni jiji. Kila mmoja ana bajeti yake na hamsubiri mwenzake, ndiyo maana unakuta nguzo za umeme zimesimama porini pasipo na bomba.

Mtume mdogo wako kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa diwani, aulizie barabara yenu kwa jina. Imo kwenye mpango wa mwaka huu? Itachongwa tu, itawekwa changarawe au lami? Na hela imeshatoka, au imetengwa tu? Hapo ndipo tunapoumia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini fedha hutoka kwa awamu, na mradi uliosomwa kwenye bajeti unaweza kufika Machi bila mkandarasi. Ukitaka barabara yenu iingie, wasemeeni kabla makadirio ya bajeti hayajapita baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka. Mkisubiri Bunge la Juni mmechelewa.

Aangalie na korongo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, ikija inakuja kwa kishindo na udongo ule unakatika. Barabara iliyochongwa bila mifereji haimalizi msimu. Asimame pale maji yanapokatiza njia, apige picha tuone kama kuna kalavati la zege la kupitisha maji chini ya barabara au ni mawe yaliyopangwa na vijana wa bodaboda.

Mimi nisingetuma hela ya msingi mpaka nijue bomba kuu liko umbali gani. Kutoka hapo hadi nyumbani unalipia mwenyewe, na kujenga kwa maji ya boza kutakumaliza.

Kutoka: Muscat

Naongezea. Mtaani kwa mama, Nzuguni, majirani walichanga wakaweka kalavati wenyewe. Baadaye greda la mkandarasi likalivunja, kwa sababu halikuwa kwenye mchoro wa barabara. Iliniuma sana, maana kuna wazee walitoa hela ya pensheni. Kabla hamjachanga, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, mhandisi aje aoneshe kina na upana, na mbaki na nakala yenye muhuri.

Halafu dada, ukishajenga na kuweka umeme utakatwa kodi ya jengo kila ukinunua umeme wa LUKU, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni hela yako hata ukiwa Leicester, na una haki ya kuuliza imefanya nini. Mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Aende mdogo wako, siyo dalali.

Kisima msikikimbilie. Sehemu nyingi za Dodoma maji yana chumvi, kwa hiyo wapimaji wa maji waje kwanza, na kibali cha bodi ya maji ya bonde kipatikane kabla ya kuchimba.