Naombeni michezo ya vitu vya nyumbani kwa mtoto wa miaka miwili na miezi saba, simu imenishinda

Fundi wa Barazani:
Wakuu habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada, maana hapa nilipo nina kanzu tatu za watu za kumaliza kabla ya Ijumaa na mtoto yuko miguuni analia.

Nina binti wa miaka miwili na miezi saba. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani kwangu huku Mbagala na nashinda naye hapo hapo. Tatizo ni simu. Akiamka anauliza simu, akila anataka simu, ukimnyima anajilaza chini mpaka sauti inakauka. Nimeamua kumwachisha. Vya dukani kwa sasa siviwezi, kwa hiyo naombeni michezo ya vitu vilivyomo ndani: sufuria, ndoo, maboksi, vitambaa, chochote. Kiwe kitu cha kumshika hata nusu saa nimalizie pindo. Wenye uzoefu msinipite.

Mama Wawili:
Kaka, anza na maji. Chukua beseni la kufulia, maji yawe ya kina cha kidole tu, mpe kikombe, chujio la chai, upawa na chupa tupu ya maji. Atamimina kutoka hiki kwenda kile, wangu wa kwanza alikuwa anakaa hapo mpaka namaliza kuchambua mchicha wote. Ila usimwache hata ukiitwa na mteja nje. Mtoto wa umri huo akitanguliza kichwa kwenye ndoo hawezi kujinasua, na hayahitajiki maji mengi. Akimaliza, mwaga.

Siku nyingine mpe unga wa kufinyanga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko cha mafuta, maji kidogo kidogo mpaka ushikane kama wa chapati. Ukitia manjano unapata rangi. Chumvi ndiyo inaufanya usiharibike mapema, lakini asiule, chumvi nyingi hivyo ni hatari kwa mtoto.

Mwana Chanika:
Hizo simu sisi tulizijulia wapi? Kombolela, rede, mdako, kula mbakishie baba. Lile tuta la mchanga na kijiti katikati, kila mtu anavuta mchanga upande wake mpaka kijiti kianguke. Mimi nilikuwa fundi wa magari. Kopo la mafuta ya kupaka ndiyo bodi, tairi nakata kwenye kandambili iliyochakaa, ekseli ni spoku ya baiskeli. Siku moja nikakata kandambili ya baba ambayo haikuwa imechakaa. Nilipigwa, lakini lile gari lilitembea mpaka shuleni na wenzangu waliomba lifti. Mpe mtoto kopo na kamba alivute, hutamsikia.

Kibatari:
Mnamshauri michezo, mimi namuuliza simu alimpa nani? Mtoto hazaliwi nayo mkononi. Wazazi wa siku hizi mkitaka utulivu mnampa simu, akizoea mnakuja kulia humu. Zima, aone umezima. Atalia siku tatu.

Mwalimu wa Awali:
Kibatari, kumgombeza mzazi aliyekuja kuuliza hakumsaidii mtoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo fundi wazo lake si baya.

Fundi, una hazina hapo barazani. Vipande vya kitenge, satini na kanzu: mwekee rundo, mpe maboksi mawili, mwambie vyekundu huku, vyeupe kule. Akichoka, mfunike macho aguse, hiki laini, hiki kinakwaruza. Vile vibomba vya plastiki vinavyobaki uzi ukiisha anavipanga mnara anauangusha. Vifungo weka mbali kabisa, umri huo vinaingia puani au kooni. Pini na sindano sina haja ya kukuambia.

Lakini nina maswali mawili. Kwenye simu anatazama nini? Na mama yake yuko wapi mchana?

Fundi wa Barazani:
Asante mwalimu, asante Mama Wawili. Beseni nimelijaribu leo, amekaa kama dakika kumi kisha akakumbuka simu. Mama yake anashinda kibaruani. Kuhusu anachotazama, si mtoto wa katuni sana. Naombeni michezo zaidi, hasa ya jioni kuelekea saa 2 usiku, hapo ndipo anasumbua kupita kiasi.

Mama Wawili:
Jioni mtengenezee kibanda. Viti viwili mgongo kwa mgongo, kanga juu, mto ndani. Mpe tochi. Au soksi za nyumba nzima, atafute pacha wa kila moja, zikikunjwa ziwe mipira ya kulenga kwenye ndoo tupu.

Mwalimu wa Awali:
Fundi, umejibu nusu. Si wa katuni, anaililia simu, na analia zaidi saa 2 usiku. Saa 2 kuna nini?

(Baada ya saa nzima)

Fundi wa Barazani:
Mwalimu umenibana, nimeweka mkasi chini niandike.

Mama yake yuko Maskati. Anafanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili, huu ni mwezi wa saba. Bosi wake anamruhusu simu saa 3 usiku kwa saa za kule, huku ni saa 2. Tulikuwa tunapiga kwa video kila siku. Mtoto anaamini mama yake anakaa ndani ya simu. Si mzaha wakuu. Kuna siku mazungumzo yalikatika, akaigeuza simu akaangalia nyuma yake, akang'ang'ania kava mpaka likatoka, akachungulia mle ndani, kisha akanitazama mimi. Sikuwa na la kumwambia. Tangu hapo akiishika haangalii chochote, anaibusu na kuita.

Nikaona hii inamuumiza. Wiki ya tatu sasa, mama yake akipiga namwambia mtoto amelala. Na Jumamosi nampeleka Lushoto kwa bibi yake, tiketi nimeshakata. Huko kuna kuku, kuna binamu zake, atasahau simu. Nilitaka michezo ya kunivusha siku hizi nne tu. Naomba msinihukumu, mnaolea mko wawili hamjui.

Mama Wawili:
Wiki tatu unamwambia mwenzako mtoto amelala? Fundi. Nilidhani nakushauri kuhusu beseni.

Kibatari:
Nilisema. Mwanamke unamruhusuje kwenda Arabuni kumwacha mtoto wa miaka miwili? Tamaa ya hela inabomoa nyumba.

Mwana Chanika:
Kibatari unajua kodi ya chumba Mbagala? Dada yangu alienda, akatujengea mama yetu nyumba ya vyumba vitatu. Usiropoke.

Fundi wa Barazani:
Hakwenda kwa tamaa. Nilivunjika mkono mwaka jana nikakaa miezi mitano bila kushona. Yeye ndiye alituokoa. Kuhusu kumwambia amelala, mtoto anachelewa kusinzia kwa kulia, na mimi asubuhi nina kazi za watu. Nilifanya kwa nia njema na bado naona kwa bibi ndiko sahihi.

Mpekuzi:
Wakuu mnalia bure. Nimepekua. Mwanzoni mwa mwezi huyu huyu kwenye uzi wa mashine za ovaloki kaandika "mke wangu ndiye anapokea wateja". Jana hapa mke yuko kibaruani. Leo yuko Maskati, mwezi wa saba. Na hiyo ya kufungua kava mbona imepangwa vizuri mno? Hii ni chai, tena ya rangi. Kesho ataweka namba achangiwe nauli.

Kibatari:
Nilihisi. Fundi gani ana muda wa kuandika hivi.

Sindano Kumi na Nne:
Tusibishane, mimi nashona Kariakoo. Mleta uzi, jinzi unaweka sindano namba ngapi? Na satini?

Fundi wa Barazani:
Jinzi 16, ikiwa nzito 18. Satini 11, usipoangalia inavuta nyuzi. Kitenge 14 kama jina lako.

Ile ya ovaloki niliandika hivyo kwa sababu wapo wateja wangu humu wanaonijua. Mtaani wakijua mkeo yuko Arabuni wanaanza kukuhesabia, mara amekukimbia, mara wewe si mwanaume. Hata hapa nimesema kibaruani kwa aibu hiyo hiyo. Nimekosea na naomba radhi. Namba sitaweka. Nilichoomba ni michezo.

Sindano Kumi na Nne:
Huyu ni fundi. Endeleeni kumsaidia.

Mpekuzi:
Fundi ni fundi, hilo nakubali. Tiketi weka picha.

Bint Tanga:
Achaneni na tiketi. Nimesoma uzi huu nikiwa Sohar, huku huku Oman, mwaka wangu wa nne kazini. Mimi mwanangu wa kiume niliambiwa "amelala" kwa miezi miwili. Kila nikipiga amelala. Nikaanza kufikiri amekufa wananificha. Nilikuwa natoa sahani kwenye maji nazihesabu ili nisipige kelele kwenye nyumba ya watu. Nilipokuja kumwona kwenye video alinificha uso, akaenda kwa shangazi yake. Kaka, mkeo hajui kwamba mtoto anaumia, anajua tu kwamba hamwoni.

Sasa nikupe mchezo, maana uliomba michezo. Vikombe vitatu visivyopitisha macho na ndimu moja. Simu isimame mbele, iegemeze kwenye mtungi. Mtoto afiche ndimu chini ya kikombe, mama yake abashiri iko wapi. Sisi tulianza hivyo kurudiana. Baadaye nikawa namwambia niletee kitu chekundu, anakimbia ndani anarudi na ndala. Kitu cha mviringo, anarudi na kifuniko cha sufuria. Hapo hanitazami tu kama picha, tunafanya kazi pamoja. Na tukimaliza, ni yeye anayebonyeza kukata. Akikata mwenyewe halii kama nikipotea ghafla.

Mwalimu wa Awali:
Bint Tanga, asante sana. Niongeze moja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2016 kilisema watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe na skrini, isipokuwa kuzungumza kwa video na watu. Yaani hata wao hawakuliweka pamoja na katuni. Fundi, ulikuwa unapigana na simu, kumbe ilikuwa ndiyo njia pekee ya mama yake.

Katika ile programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 tunasema "malezi yenye mwitikio". Mtoto anatoa ishara, wewe unaijibu. Kubusu simu ni ishara. Kwa bibi ni pazuri, sikatai, ila akitolewa kwako pia Jumamosi hii, atakuwa amepoteza wa pili ndani ya mwaka mmoja. Mchana simu ikae juu ya kabati, acheze beseni na vitambaa. Saa 2 ishuke.

Kibatari:
Mkono uliuvunja vipi, fundi? Mimi nilivunjika mguu, najua kukaa bila kazi. Nimesema kwa ukali. Mtoto mpe kopo na kijiko cha mbao apige ngoma, wajukuu wangu wanapenda.

Fundi wa Barazani:
Niliteleza na pikipiki, Kibatari. Hakuna tabu.

Wakuu, narudi na mrejesho. Jana saa 2 nilipokea. Nilianza kwa kumwambia mama yake ukweli wa zile wiki tatu, mtoto yuko chumbani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mlete. Niliweka vikombe vya chai na ndimu. Raundi ya kwanza binti alificha ndimu, na kabla mama yake hajajibu, binti akakifunua kikombe mwenyewe akaionyesha. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo akavumilia, akaweka mikono yote miwili juu ya kikombe, ametoa macho. Mama yake akakosea makusudi. Huyu mtoto alicheka cheko ambalo sijalisikia tangu mwezi wa pili. Mwishoni alitaka kumpa ndimu, akaibandika kwenye kioo. Mama yake akafungua mdomo akajifanya anaila.

Kukata alikata mwenyewe. Alilia, sitadanganya, ila alilia mapajani kwangu, si chini sakafuni. Leo tangu asubuhi anakificha kila kitu changu chini ya vikombe, hata chaki ya kuchorea vitambaa nimeitafuta mpaka saa 5.

Tiketi, Mpekuzi, ofisini hawarudishi nauli, wamekubali kusogeza tarehe. Nimesogeza wiki mbili. Zaidi ya hapo sijaamua, tutazungumza mimi na mama yake.

Mama Wawili, ule unga wenye chumvi umekuwa mgumu, unaongezwa maji au unatupwa?

Mama Wawili:
Maji kijiko kimoja, uukande upya na mafuta kidogo mikononi. Ufunge kwenye mfuko usiingie hewa. Ukianza kunuka ndiyo utupe. Na mwambie mama yake saa 2 leo akae tayari, binti amfinyangie chapati.