Neno "cheki" lipigwe marufuku kwenye madirisha ya malipo ya korosho

Wakuu, salaam. Naandika vumbi la barabara ya Newala likiwa bado kwenye kope, kwa hiyo mnivumilie.

Mjomba wangu alipeleka korosho kilo 412 kwenye chama cha ushirika mwezi wa kumi na moja. Zikapimwa, akapewa stakabadhi, mnada ukapita, majirani wakaanza kuingiziwa hela. Yeye akaunti kavu. Nikamsindikiza dirishani. Karani, kijana mdogo tu, hata kichwa hakuinua: "Mzee, tunacheki." Wiki ya pili: "Si nilishawaambia tunacheki?" Ya tatu akabadilisha: "Nendeni nyumbani, nitawacheki." Simu haijalia hadi leo. Juzi ndio kamaliza kabisa: "Njomba, cheki tena wiki ijayo."

Mara kukagua, mara kupiga simu, mara kurudi. Tumesimama juani, mjomba ananiuliza taratibu: "Hiyo cheki wanayoisema ndiyo ile ya benki?" Maana zamani alishaona mtu akilipwa kwa karatasi. Nikacheka, halafu nikazidi kukasirika.

Mimi ni mbishi. Usiku nikaingia kwenye kamusi. Kumbe Waingereza hilo check lao limetokana na sataranji, na shina lake ni shah, neno la Kiajemi, yaani mfalme. Mfalme wako akishatishiwa huruhusiwi kucheza kingine chochote mpaka umnusuru. Ndiyo maana neno likabeba kusimamisha na kuzuia, na huku kukagua kukaja baadaye. Wamarekani wakalitwisha mzigo zaidi: alama ya vema ni check, bili ya mgahawani ni check, na hundi nayo wanaiandika hivyo hivyo.

Basi karani hakudanganya. Ametucheki kwa maana ile ya zamani, ametusimamisha.

Mtaani sina ugomvi na neno hili. Cheki mpira, nicheki jioni, poa tu. Lakini dirishani, mbele ya mtu aliyekopa salfa ya kupulizia mikorosho na anadaiwa mpaka sasa? Kiswahili hakijaishiwa. Ukiniambia unahakiki, nitakuuliza unalinganisha karatasi ipi na ipi. (Neno hilo Kusini tunalijua vizuri. Msimu wa 2018, bei ya serikali ikiwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima tulihakikiwa kabla ya kulipwa mpaka tukachoka.) Unakagua? Fungua daftari nami nione. Unafuatilia? Umefika kwa nani? Na kama mnachunguza, semeni tu kwamba mnamshuku mzee wa watu kuwa ni kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, tujue tunajitetea vipi. "Tunacheki" haina mtu wala tarehe, huwezi hata kuipeleka kwa mkubwa wake ukashitaki.

Jumatatu narudi na mjomba. Nimeshaandika maswali kwenye karatasi: namba ya akaunti imekosewa? Jina la kwenye stakabadhi halifanani na la benki? Au hela yenyewe haijafika? Ajibu moja, kwa kitenzi cha kueleweka.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei. Na kama kuna mtu humu wa Tandahimba, Masasi au Nachingwea aliyewahi kukosewa namba ya akaunti, aniambie ilirekebishwa na nani na alikaa siku ngapi.