Bustani ya nyuma ya nyumba Mbeya: nianze na mchicha, chainizi, sukuma wiki au nyanya?

Mgeni wa Iyunga – 28 Mei

Habari za humu ndugu zangu. Nimehamia Mbeya mwezi wa tatu nikitokea Dar, nimepanga Iyunga. Nyuma ya nyumba kuna kipande ambacho mwenye nyumba ameniruhusu nilime. Nimekipima kwa hatua, ni kama mita tatu kwa sita. Udongo ni mweusi na laini, bomba liko karibu ingawa maji ni ya mgao. Sijawahi kulima chochote zaidi ya kumwagilia maua ya mama yangu. Nyumbani tupo wanne, mboga za majani tunakula karibu kila siku, nataka nipunguze safari za sokoni Mwanjelwa.

Kwenye karatasi nimeandika majina manne: mchicha, chainizi, sukuma wiki na nyanya. Jirani ananiambia niongeze karoti. Kwa mtu asiyejua kitu, na kwa baridi hii inayoingia, kipi kitanipa mboga bila kunivunja moyo? Naomba mnilinganishie kwa uzoefu wenu wenyewe.

Mama wa Uyole – 28 Mei

Karibu Mbeya mwanangu. Mimi nalima bustani hapa Uyole mwaka wa kumi na tisa huu, na kwa mwezi tulio nao ningetanguliza sukuma wiki. Mche ukishashika unakulisha miezi mingi. Mchicha ukiung'oa umekwisha, unaanza upya. Sukuma unachuma majani ya chini, unaacha manne au matano ya juu, wiki ijayo unarudi palepale. Miche ishirini iliyotunzwa vizuri, watu wanne mnakula mara mbili tatu kwa wiki. Tena baridi haiidhuru. Majani ya mwezi wa saba ni matamu kuliko ya mwezi wa kumi na mbili, utaniambia mwenyewe.

Anza na kitalu kidogo tu, upana wa meza. Chora mistari kwa kidole, kati ya mstari na mstari acha kiganja, mbegu zikae kina cha ukucha. Funika kwa nyasi kavu, mwagilia juu ya nyasi. Siku utakayoona vishingo vimejikunja vinatoka ardhini, ondoa nyasi jioni ileile. Ukichelewa siku tatu miche inarefuka kutafuta mwanga, inakuwa kama nyuzi, na haitasimama tena. Baada ya wiki nne au tano, ikiwa na majani manne hivi, hamishia tutani jioni jua likizama, mche na mche waachane unyayo mmoja na nusu.

Sasa jambo linalowakatisha tamaa wageni wengi. Asubuhi baada ya kupandikiza, nenda bustanini kabla ya chai. Ukikuta mche umelala chini, umekatwa shingoni kama kwa wembe, usiwasingizie kuku wa jirani. Fukua udongo kwa kidole kuzunguka kile kishina, kina cha kidole kimoja tu. Utamkuta mdudu mnene wa rangi ya majivu, amejikunja kama pete. Huyo ni sota. Anakula usiku, mchana analala palepale alipokula. Usipomtafuta siku hiyo, usiku anahamia mche wa pili, na ndani ya juma tuta zima limeisha. Mimi nakata chupa za maji za plastiki kuwa pete, navisha kila mche, pete izame vidole viwili ardhini. Tangu nianze hivyo sipotezi hata miche mitatu kwa msimu.

Kijana wa Kihesa – 28 Mei

Kamwene mama! Hayo ya pete za chupa nayachukua, huku Iringa sota ametusumbua sana mwaka huu.

Ila naona mgeni aanze na chainizi, sukuma ifuate. Mtu anayeanza anahitaji kula kitu mapema, ndipo moyo unatulia. Chainizi unaweza kuimwaga moja kwa moja kwenye tuta bila kitalu. Ikiota kwa kusongamana, unapunguza kidogo kidogo, na hiyo unayopunguza ni mboga tayari. Mimi kwa kawaida wiki ya tano au ya sita nakuwa na bakuli la kwanza jikoni. Kasoro yake ni maji. Siku mbili ukiisahau kwenye kiangazi inakimbilia kutoa maua, na ikishatoa maua majani yanakuwa machungu na magumu. Kwa hiyo kaka, kama mgao wenu wa maji ni wa siku tatu tatu, weka pipa la akiba kwanza, ndipo umwage mbegu.

Binti wa Kyela – 29 Mei

Mbona mchicha mnauonea? Kwetu mbegu hatununui kabisa. Unaacha miche miwili mitatu ikomae, unakung'uta suke kwenye ungo, umepata mbegu za mwaka mzima. Changanya na mchanga mkavu ili zisidondoke sehemu moja, mwaga, funika kidogo sana, baada ya wiki tatu au nne unang'oa. Mboga gani nyingine ambayo ukikosea hujapoteza hata shilingi? Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa.

Mama wa Uyole – 29 Mei

Mwanangu wa Kyela, wala siuonei. Huko kwenu chini ziwani kuna joto, mchicha unaruka. Uulete hapa Uyole mwezi wa sita uone: wiki ya tatu bado una majani mawili, umedumaa, rangi imekuwa ya zambarau kwa baridi. Mchicha ni mboga ya joto. Mgeni autunze kwa ajili ya mwezi wa tisa au wa kumi, jua likirudi, atafurahi nao sana. Na hilo la mbegu uko sahihi kabisa, hata mimi nafanya hivyo.

Bwana Shamba Mstaafu – 29 Mei

Hapo Mama wa Uyole kasema jambo la msingi. Kutoka Kyela hadi jiji la Mbeya unapanda zaidi ya mita elfu moja. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mgeni wetu, ukisoma popote kwamba mboga fulani huchukua siku 21, uliza kwanza aliyeandika alilima wapi.

Sasa nyanya. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi Nyanda za Juu Kusini, na kitu kilichowaumiza watu wengi wa bustani ndogo ni kuanza na nyanya. Adui mkubwa ni bakajani chelewa. Huo ni ugonjwa uleule wa viazi mviringo, na mkoa wetu umejaa viazi. Vimelea vyake husafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua, hupenda ubaridi na unyevu, kwa maana hiyo hupenda Mbeya. Utaona doa la kijani kilichoiva, kama jani limemwagiwa maji ya moto, na asubuhi kwenye umande ukigeuza jani utaona ukungu mweupe pembeni mwa doa. Ukifika hapo, kwa hali ya hewa ya mvua, shamba linaweza kuungua ndani ya siku chache. Dawa za ukungu zipo, lakini hufanya kazi ukipuliza kabla, na zina siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Sipendi mtu ajifunzie kulima kwa pampu ya dawa mgongoni, kwenye mboga atakayowapa watoto wake.

Karoti naikubali kwa baridi hii, tena haina kitalu. Ila usiitilie samadi mbichi, itatoa mizizi yenye miguu mitatu. Kuiona mezani subiri miezi mitatu hadi minne.

Jirani wa Ilula – 29 Mei

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, mgeni asiogopeshwe na nyanya moja kwa moja. Sisi Ilula, huku Iringa, tunaishi kwa nyanya, na tunajua kwamba kiangazi ndicho kipindi chake ukiwa na maji ya kumwagilia, maana umande na mvua vikipungua bakajani nayo inapungua. Apande miche sita tu, aikingie na upepo wa usiku, aifungie kwenye miti, amwagilie shinani bila kulowesha majani, akate majani yanayogusa udongo. Miche sita haihitaji pampu.

Bwana Shamba Mstaafu – 29 Mei

Marahaba. Miche sita sina ugomvi nayo, na hilo la kumwagilia shinani ndilo hasa. Lakini Ilula kuna joto kuliko Iyunga. Asie mwezi wa saba mwishoni, ahamishie baridi ikianza kulegea, na ajue kwamba mvua za Novemba zikimkuta na matunda mabichi, ugonjwa hautachelewa. Wala asipande pale palipokuwa na viazi.

Mwana Makete – 30 Mei

Huku kwetu maboga na nyanya usiku mmoja wa barafu unatosha, asubuhi majani meusi. Sukuma na kabichi zinabaki. Mbeya mjini hampati barafu kama yetu, ila bonde likikaa na ubaridi funikeni vitalu usiku.

Mpangaji wa Soweto – 30 Mei

Mgeni, kumbuka umepanga. Mimi nilihamishwa nyumba nikaacha matuta manne ya mboga zilizokuwa zimeanza kuchumwa. Iliniuma. Sasa nalima kwenye magunia. Unaweka mrija wa mawe katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yafike kote, pembeni udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mbavuni unatoboa matundu ya kupandikiza. Gunia moja linabeba miche kumi na mitano ya sukuma au spinachi bila shida. Kwa maji ya mgao lina nafuu, maji ya kusuuzia mboga na vyombo yasiyo na sabuni kali yanatosha. Ubaya wake linakauka haraka kuliko tuta, na likishajaa halinyanyuki kirahisi, chagua mahali pake mapema.

Na spinachi mbona hamkuitaja? Inavumilia baridi, unachuma majani ya nje miezi mingi kama sukuma. Kubwa zaidi, haimo kwenye ukoo wa sukuma, chainizi, kabichi na figiri. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, wakivamia ukoo ule, mara nyingi spinachi inabaki na wewe unabaki na mboga.

Mgeni wa Iyunga – 30 Mei

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeamua: chainizi tuta moja kwa ajili ya kula mapema, sukuma miche ishirini, spinachi kwenye magunia mawili, nyanya sita baadaye, mchicha mwezi wa tisa. Karoti nitaijaribu kamstari kamoja.

Mgeni wa Iyunga – 25 Julai

Narudi na mrejesho. Chainizi ya kwanza haikuota kabisa. Nilingoja siku kumi na mbili, nikafukua, mbegu zimeoza. Kuja kuangalia pakiti niliyouziwa dukani, tarehe yake ilipita mwaka jana, na wala sikujua kwamba kuna tarehe ya kuangalia. Nimenunua nyingine mahali pengine, zikaota siku ya tano.

Sukuma nimeipandikiza wiki tatu zilizopita. Asubuhi ya kwanza miche miwili ilikuwa imelala. Nilifukua kama Mama alivyoelekeza na nikamkuta sota palepale, nusu kidole chini, amejikunja. Mwanangu mdogo ndiye aliyekuwa akinishikia tochi. Iliyobaki nikaivisha pete za chupa siku hiyohiyo, ipo kumi na minane na imesimama. Vidukari walikuja wiki iliyopita chini ya majani ya chainizi, nikawapulizia maji ya sabuni jioni mara tatu, wamepungua mno. Jumapili tumekula chainizi ya kupunguzia, imekaangwa na kitunguu na nyanya ya sokoni, na ugali. Mke wangu ameshaniuliza tuta la pili naliweka wapi.

Swali moja. Kwenye gunia nilifukia mbegu za spinachi moja moja, nilihesabu. Lakini kila tundu imetoka miche miwili, pengine mitatu, imebanana kabisa. Nimekosea wapi?

Mpangaji wa Soweto – 25 Julai

Hujakosea mkuu. Ile unayoiona kama mbegu moja ya spinachi ni kifungu, ndani yake zimo mbegu kadhaa, ndiyo maana ina sura ya kokoto lenye mabonde. Acha mche mmoja ulio imara kila tundu. Iliyobaki usiing'oe kwa nguvu, utatikisa mzizi wa mwenzake. Ikate kwa mkasi usawa wa udongo, tia kwenye mboga ya usiku huu. Kama una gunia la tatu, mwagilia kwanza hadi udongo ulowe, ichomoe taratibu kwa kijiti na uihamishie jioni.

Mama wa Uyole – 26 Julai

Mwanangu, hizo sukuma kumi na minane usizichume kwanza hata kama zinakutamanisha. Ngoja wiki mbili tatu tena, ziwe na majani nane, uchume mawili ya chini kila mche, na ulivunje jani pamoja na kikonyo chake kuelekea chini. Kikonyo kikibaki kinaoza na kuita wadudu. Na mwambie huyo mtoto wa tochi shangazi yake wa Uyole anamsalimia. Mkipita huku njooni muchukue miche ya figiri, ninayo ya kutosha.