MJADALA: Hivi mpelelezi lazima aletwe kutoka London?

Wakuu, salaam. Huku Uyole mvua imetufungia ndani wiki nzima, na jirani kanipa flashi yenye Death in Paradise, ile tamthilia ya BBC ya mauaji kisiwani. Kwa ambaye hajaiona: kisiwa kinaitwa Saint Marie, cha kubuni, ila wanarekodi Guadeloupe, kwenye kamji ka Deshaies. Kila episodi mtu anauawa, wanashukiwa watu wanne watano, mwishowe inspekta anawakusanya na kumtaja muuaji.

Imeanza 2011. Inspekta wa kwanza, Richard Poole, katoka London. Akaja Humphrey Goodman, naye Mwingereza. Akaja Jack Mooney, Mwairishi aliyekuwa polisi London. Akaja Neville Parker wa Manchester. Wazungu wanne mfululizo! Mweusi wa kwanza kukalia kile kiti, Mervin Wilson, kaingia mwisho wa 2024, na hata yeye katokea London. Kuhoji majirani, kukimbizana na watuhumiwa, kujua nani ndugu ya nani, hizo ni kazi za akina Dwayne na Florence, polisi wenyeji. Mgeni anatazama dirishani, anashtuka, basi kesi imekwisha. Ni burudani tu, au ni yaleyale ya kwamba akili huja na meli?

Wa Mafinga: Kamwene! Mleta mada, umeangalia kwa hasira. Anayechekwa pale ni huyohuyo mzungu. Poole anavaa suti na tai kwenye jua la Karibi, mkoba mkononi, mchanga anauchukia, kila saa anatafuta chai. Neville ndiyo usiseme, mbu wamemmaliza. Halafu Kamishna Selwyn Patterson, mweusi, akiingia tu kituoni wote wananyooka. Huyo umemruka makusudi?

Mleta mada: Sijamruka. Kamishna anatoa amri, kesi anatatua nani? Kama kuchekwa ndiyo hivyo, unachekwa dakika hamsini halafu unashinda kila wiki, mnicheke na mimi.

Wa Tukuyu: Mimi kinachonikera ni kingine kabisa. Guadeloupe ni ya Ufaransa, mkoa wao kamili tangu 1946. Wenyeji wanaongea Kifaransa na Krioli. Kwenye tamthilia kisiwa kizima kinaongea Kiingereza na kinaletewa inspekta na Uingereza. Yaani hadi kisiwa chenyewe kimeazimwa, sembuse mpelelezi. Ila nisiwanyime haki yao, watalii wanakwenda Deshaies kupiga picha nje ya lile jengo la kituo cha polisi, na hao wanakula na kulala hapo.

Wa Njombe: Nyie bishaneni rangi. Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wanauawa huku kwetu, tulikuwa tunawasindikiza wetu shuleni kwa makundi. Hakuna aliyetukusanya sebuleni akatutajia muuaji. Mama yangu mpaka leo, maiti ikionekana kwenye runinga, anaomba rimoti.

Mleta mada: Pole sana, mkuu. Hilo sikulifikiria nilipoandika.

Wa Iringa Mjini: Tutengeneze ya kwetu basi. Inspekta wa Dar anahamishiwa Makete mwezi wa saba. Anashuka kwenye basi na shati la mikono mifupi, majani yote yana barafu, gari la kituo haliwaki. Jioni wanamkaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, anadhani ni juisi.

Mleta mada: Si umeona! Na wewe umeagiza mtu Dar. Makete yote hakuna mwenye akili ya kupeleleza?

Wa Iringa Mjini: Wapo, kaka, na ndiyo shida. Mwenyeji wa Makete angeshamjua muuaji kabla chai haijachemka. Dakika ya tano muvi imeisha, tunauza nini?

Wa Njombe: Kama wenyeji wanajua kabla ya chai, mbona kesi za kweli haziishi dakika ya tano?