Mnaotuuzia silikoni ya bafuni mkisema ni ya boti, mnacheza na roho za watu

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ina msingi. Hapa Dar es Salaam maduka mengi ya vifaa yana aina moja tu ya dawa ya kuzibia kwenye rafu, yaani ile silikoni yenye harufu ya siki ambayo mafundi huitumia kwenye masinki na vioo vya madirisha, na mwenye boti akifika anaambiwa bila kusitasita kwamba inafaa kila mahali: juu ya maji, chini ya maji, kwenye faiba, kwenye mbao na kwenye chuma. Si kweli, na muuzaji angeweza kujua kwamba si kweli kwa kusoma tu maandishi madogo yaliyo nyuma ya katriji (ule mrija wa dawa) anayoiuza. Wenzetu wa Tanga, Unguja na Mombasa watanieleza kama kwao hali ni tofauti.

Boti yangu ni ya faiba, ina mashine moja ya kupachika nyuma, na kazi yake ni kuvusha watu na mizigo kati ya Utende na Chole, kule Mafia. Mashine ilipobadilishwa, matundu ya bolti yalitobolewa upya kwenye ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, na dawa ya kuyazibia ilinunuliwa katika duka moja la Kariakoo. Niliuliza waziwazi: nataka ya kuweka kwenye bolti ambazo zitakuwa zinalowa saa zote. Jibu nililopewa ni hili: «Mzee wangu, hii ndiyo wanayochukua watu wa boti wote.» Katriji zilikuwa na picha ya chombo chenye tanga jeupe, na kwa mnunuzi yeyote picha ile ni ahadi.

Baadaye fundi wangu alibaini kwamba kila mashine inapoinuliwa na kushushwa, ukuta wa tezi unacheza. Tulipolegeza nati, ile silikoni ilibanduka nzima kwa kucha, kama ganda la ndizi, na upande uliokuwa umegusana na faiba ulikuwa laini na unang'aa, ishara kwamba haikuwahi kushika sawasawa. Washa za chuma zilizokuwa chini yake zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi akatoboa tundu dogo kwa ndani, chini kabisa karibu na sakafu, na maji ya rangi ya kahawia yakaanza kuchuruzika, yakifuatiwa na nyuzi za mbao zilizooza. Kwa wasiofahamu, ukuta wa tezi wa boti nyingi za faiba si faiba tupu: katikati yake kuna plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili, na plaiwudi hiyo ndiyo inayobeba uzito na msukumo wa mashine. Maji yakishapata njia kupitia tundu la bolti hayatoki tena. Yanasambaa ndani kwa ndani, yanaozesha mbao, na kwa nje boti inaendelea kupendeza huku mashine ikiwa imeshikiliwa na maganda mawili ya faiba. Mashine ya namna hiyo ikichomoka katikati ya mkondo wa Chole, boti ikiwa na akina mama na watoto, nani atajibu?

Niliporudi dukani nikiwa na katriji na risiti, niliambiwa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Sikuwa nimekwenda kurudisha bidhaa. Nilikwenda kudai maelezo, na sikuyapata.

Sasa nieleze kwa nini silikoni ile haifai, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba tatizo ni fundi kutosafisha vizuri. Silikoni ya harufu ya siki, inapokauka, hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo hushambulia shaba, shaba nyeupe na chuma kilichopakwa zinki. Kwa maneno mengine, unaweka kinga ambayo siku ya kwanza tu inaanza kula kile ilichowekwa kukilinda. Ushikaji wake kwenye faiba na mbao zinazokaa majini ni dhaifu ukilinganishwa na dawa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Na lililo baya kuliko yote ni kwamba inaacha mafuta ya silikoni kwenye uso wa faiba, mafuta ambayo hayaonekani kwa macho lakini yanazuia rangi, jelikoti (ile ngozi ya nje inayong'aa ya faiba) na dawa nyingine yoyote ya kuzibia kushika mahali hapo. Kuipangusa kwa asetoni peke yake mara nyingi kunayasambaza badala ya kuyaondoa. Inabidi kwanza uikwangue yote kwa wembe, kisha utumie dawa maalumu ya kuondolea silikoni, na ndipo upige msasa. Ukitanguliza msasa unayasukuma mafuta yale ndani ya mikwaruzo. Kwa hiyo muuzaji anapokuuzia silikoni hii kwa ajili ya chini ya maji, anakuharibia kazi ya leo na pia anamharibia fundi atakayekuja kurekebisha kesho.

Sisemi kwamba silikoni haina nafasi kwenye boti. Ina nafasi yake juu ya maji, hasa kwenye vioo vya plastiki vya akriliki au polikaboneti, kwa kuwa polisulfidi, aina nyingine ya dawa ya kuzibia, hushambulia plastiki hizo hadi zikapasuka, na hata huko ni heri ile isiyotoa harufu ya siki. Zaidi ya hapo, ibaki bafuni.

Kinachohitajika kwenye bolti za mashine, kwenye vali za kuingizia maji na kwenye kila kinachopenya ganda la boti ni poliuretani, au polisulfidi, au zile za kizazi kipya zinazoitwa polima za MS, ambazo asili yake ni Japani. Poliuretani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, hunyumbulika na hushika faiba, mbao na chuma kwa nguvu kubwa. Ndiyo maana nashangaa kuona fundi akipewa 5200, poliuretani ya kampuni ya 3M, kwa ajili ya kitu kitakachohitaji kufunguliwa baada ya muda: dawa ile hushika kama gundi ya kudumu, na ukija kulazimisha kukibandua unaweza kuondoka na vipande vya jelikoti. Kwa vitu vya kufunguliwa kuna zenye nguvu ya wastani, kama 4200 ya kampuni hiyohiyo au Sikaflex 291, na muuzaji makini angemuuliza mteja swali hilo moja kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Polisulfidi ni ya siku nyingi zaidi, inavumilia mafuta ya petroli na dizeli, na inakubalika chini ya maji, ila isikaribie plastiki nilizozitaja. Polima za MS hazina aisosayaneti, zile kemikali za kwenye poliuretani zinazowaumiza mafundi kifua wanapofanya kazi mahali pasipo hewa, na nyingi zinapakika rangi.

Hata dawa iliyo sahihi inaharibiwa na uzembe, na hapa lawama ninaigawa, kwa sababu baadhi ya mafundi wanashiriki. Tundu la bolti kwenye plaiwudi halizibwi kwa kupaka dawa kwenye kichwa cha bolti kisha kukaza kwa nguvu zote. Litobolewe kubwa kuliko bolti, lijazwe epoksi (gundi ngumu ya kuchanganywa), epoksi ikikauka litobolewe tena kwa kipimo cha bolti, ili mbao isiguse maji hata kama dawa itakuja kushindwa. Mdomo wa tundu upanuliwe kidogo ili dawa ikae pale kama pete nzima kuizunguka bolti. Uso usafishwe kwa asetoni na uachwe ukauke. Usisafishwe kwa spiriti, maana alkoholi huzuia poliuretani kukauka ipasavyo na kuiacha ikinata. Unapokaza, zungusha nati huku kichwa cha bolti kikiwa kimeshikwa kisizunguke, na usikaze hadi dawa yote ikatoka nje, kwa sababu kilichobaki katikati ndicho kinachozuia maji. Halafu subiri. Nyingi ya dawa hizi hukauka milimita 3 hadi 4 tu kwa saa 24 katika hali ya kawaida, na 5200 ile ya kawaida huhitaji siku 5 hadi 7 kukomaa. Boti inayoshushwa majini jioni ileile kwa sababu mwenyewe anawahi abiria haijazibwa.

Kwa wenye vyombo vya mbao, kuna ujinga mwingine unaoenezwa na wauzaji haohao, kwamba sasa pamba na kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, ni mambo ya wazee, na kwamba unaweza kujaza nyufa za mashua kwa katriji ukamaliza kazi. Mafundi wetu wa vyombo wanajua kwa nini pamba inasokotwa na kugongwa ndani ya mfuo ulio kati ya mbao na mbao: mbao ikiingia majini inavimba na kuibana, na chombo kinajifunga chenyewe. Dawa ya kunyumbulika inakubali kuvutwa na kuminywa, lakini mpira haupungui ujazo, unahama tu. Ukiujaza mfuo hadi ukingoni wakati chombo kiko juu na mbao zimekauka, mbao zikivimba dawa itasukumwa nje, na pale isipopata pa kutokea mbao zitasukumana zenyewe na kulegeza misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Dawa inawekwa juu ya kalafati, kwa kiasi, ikishika kingo mbili za mbao pasipo kushika chini, maana ikishika pande tatu haina nafasi ya kunyooka na itachanika. Zaidi ya yote, mbao iliyokunywa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka nenda rudi haiishiki dawa hii. Mafuta hayo ni kinga nzuri, lakini ni adui wa poliuretani, na mwenye chombo kinachopakwa sifa na deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) ni heri aendelee na utaratibu huo kuliko kutupa fedha. Sijapata kumsikia muuzaji hata mmoja akimuuliza mteja kama mbao zake zina sifa.

Jambo la mwisho linalonikera ni tarehe. Poliuretani ya katriji huwa na maisha ya takriban mwaka mmoja ikihifadhiwa mahali pa baridi, chini ya nyuzi 25. Tazameni maduka yetu: mabati juu, feni moja, katriji zimepangwa dirishani zikipigwa jua la mchana kutwa. Nimeshika katriji ambazo ukibonyeza kile kizibo cha nyuma hakisogei kabisa, kwa kuwa kilichomo kimeshakuwa mpira, na nimeona nyingine zenye karatasi ya bei iliyobandikwa juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Nilipoibandua karatasi ile mbele ya kijana wa dukani, aliichukua katriji mkononi mwangu na kuirudisha kwenye rafu palepale ilipokuwa. Haikutupwa. Kuna mwenye boti ambaye ataondoka nayo.

Ninachodai si kikubwa. Waagizaji wabandike karatasi ya Kiswahili inayosema dawa ni ya aina gani, kama inaruhusiwa kukaa chini ya maji au la, na isikae juu ya nini. Maduka yaache kuweka silikoni ya bafuni kwenye rafu iliyoandikwa vifaa vya boti. Tarehe isizibwe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, Tume ya Ushindani ipo, Shirika la Viwango (TBS) lipo, na haiwezekani sisi tunaobeba abiria tukakaguliwa majaketi okozi kila mara huku anayetuuzia kitu kinachozuia boti kujaa maji haulizwi chochote.

Msinijibu kwamba bei ndiyo tatizo. Ni kweli poliuretani nzuri inauzwa mara kadhaa ya bei ya silikoni, lakini bolti za mashine moja hazimalizi hata katriji moja, na mimi sasa ninalipa kukata ganda la ndani la faiba, kutoa plaiwudi yote iliyooza, kuweka mpya na kuilaza faiba upya, boti ikiwa imekaa juu bila kuingiza hata senti.

Ninaandaa malalamiko rasmi, na yatakwenda pamoja na katriji tupu, risiti na kipande cha plaiwudi kilichokatwa kwenye boti. Aliyepatwa na jambo kama hili aweke hapa picha ya nyuma ya katriji, mahali penye namba ya toleo na tarehe, bila kutaja jina la duka, na aseme iliwekwa sehemu gani ya boti na ikawaje. Kama boti yako ina mashine ya nyuma na hujui bolti zake zilizibwa kwa dawa gani, simama nyuma yake ikiwa juu ya mchanga, inua mashine nusu, ishike kwa chini uitikise huku mwenzako akiutazama ukuta wa tezi. Ukiona unacheza, usipakie mtu.